Shanwe ya Mpanda: Habari za Mashimo na Picha za Msiba

Habari za miji ya pwani na za maziwa makuu tumezisoma mara nyingi, na hata mtoto wa shule aweza kutaja Bagamoyo, Ujiji na Bukoba pasipo kufungua kitabu. Bali upande wa magharibi, katikati ya Tabora na ziwa Tanganyika, iko nchi pana ya misitu ambayo hutajwa mara chache. Leo nataka kuwaongoza mpaka huko, tufike Mpanda, tukae kidogo Shanwe, kisha tulifikiri jambo moja ambalo laihusu kila nyumba yenye simu ya mkononi. Jambo lenyewe ni hili: mahali palipotokea msiba wa machimbo, je, ni halali mtu kupiga picha? Na akiisha kuipiga, picha ile ni mali ya nani?

NJIA YA KUFIKA

Mtu atokaye Tabora kwa gari la moshi huenda upande wa machweo mpaka Kaliua. Hapo reli hugawanyika: moja huendelea mpaka Kigoma, na ya pili hugeuka kusini kwenda Mpanda, mwendo wa kilometa 210 hivi. Njia hii ni ya misitu mitupu. Miombo na mininga husimama kulia na kushoto, na huku na huku waona mizinga ya nyuki imetundikwa juu ya matawi. Hata gari linapovuka mto Ugalla, abiria husogea madirishani kutazama maji, maana kwa muda mrefu hawakuona kitu ila miti.

Basi, kwa nini reli ilijengwa katika msitu usio na watu wengi? Haikujengwa kwa ajili ya abiria. Katika miaka ya 1930 yalionekana karibu na Mpanda mawe yenye madini ya risasi, yale mazito ya rangi ya kijivu, pamoja na fedha, shaba na dhahabu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni iliyoitwa Uruwira Minerals ikafanya kazi kubwa huko Mukwamba, na reli ikajengwa ili mawe yale yapate kuchukuliwa mpaka bandarini. Reli ikafika Mpanda mwaka 1950. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa, yaani baada ya miaka kumi tu. Lakini reli haikung'olewa, wala watu waliokuja kwa ajili ya kazi hawakuondoka wote. Wengine walioa hapo, wakalima hapo, wakazikwa hapo.

Nimeanza na habari hii kwa makusudi. Nchi ya Mpanda ilifunguliwa kwa sababu ya kile kilichomo chini ya ardhi. Na mwenye mtaji alipokwenda zake, mashimo yalibaki, na watu wakabaki. Tukikumbuka hayo tutafahamu vizuri yanayofuata.

SHANWE NA WATU WAKE

Shanwe ni kata mojawapo ya Manispaa ya Mpanda. Mpanda yenyewe ndiyo makao makuu ya mkoa wa Katavi, uliokatwa kutoka mkoa wa Rukwa mwaka 2012. Wenyeji wa nchi ni Wabende, Wakonongo na Wapimbwe. Lakini siku hizi utawakuta pia Wafipa waliopanda kutoka kusini, Waha waliotoka Kigoma, na Wasukuma waliokuja na ng'ombe zao kutafuta malisho. Tena hawako mbali makao ya Katumba na Mishamo, yaliyofunguliwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, ambao wengi wao wamekwisha kupewa uraia wa Tanzania. Kwa hiyo ukisimama sokoni utasikia lugha tano au sita kabla hujamaliza kununua kisado cha karanga, na Kiswahili ndicho kinachowapatanisha wote.

Mvua huanza mwezi wa Novemba, huendelea mpaka Aprili. Wakati huo watu hulima mahindi, mpunga, karanga na tumbaku, na njia huwa tope. Mvua ikiisha, vumbi jekundu hupanda juu ya mapaa na juu ya miembe, hata majani hayajulikani rangi yake. Mgeni mwenye nafasi huonyeshwa bwawa la Milala, wanakoishi viboko karibu kabisa na mji. Na mwenye gari huenda kusini mpaka mbuga ya Katavi, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1974. Hayo ndiyo mambo ambayo wageni hupenda kuyapiga picha.

Lakini liko jambo jingine ambalo mgeni halioni upesi. Katika nyumba nyingi za nchi hii, ukiuliza, "Vijana wako wapi?" utajibiwa, "Wako machimboni." Wengine wamo katika machimbo ya dhahabu ya mkoa huu huu, wengine wamekwenda Chunya, Geita, Kahama, hata Mererani. Huenda mavuno yakiisha, na wengine hawangoji mavuno. Hawaendi kwa uvivu wa jembe. Huenda kwa sababu jembe hulipa mara moja kwa mwaka, na ada ya shule, dawa na bati havingoji mwaka.

SHIMO HUCHIMBWAJE, NA KWA NINI HUANGUKA

Mchimbaji mdogo hana mitambo mikubwa. Ana sululu, tindo, nyundo, kamba na taa ya kichwani. Shimo lake huitwa duara. Hushuka wima kwanza, labda meta kumi, labda thelathini au zaidi, mpaka auone mwamba wenye dhahabu. Kisha huufuata mwamba ule kwa upande, kama panya afuatavyo mzizi wa muhogo. Mawe huvutwa juu kwa kamba, hupelekwa kwenye karasha kusagwa, kisha unga wake huoshwa mwaloni, na dhahabu hukamatwa kwa zebaki, ambayo nayo ni sumu kwa mwenye kuishika na kwa mwenye kuvuta moshi wake.

Udongo ukiwa laini, yapasa kuta zishikwe kwa magogo ambayo wachimbaji huyaita matimba. Matimba hugharimu fedha, na kuyakata na kuyapanga huchukua siku ambazo mtu hapati kitu. Hapo ndipo hatari huanza. Tena kifusi kinachotolewa hurundikwa mdomoni pa shimo, nacho huwa mzigo juu ya ukingo. Tena maduara huchimbwa karibu karibu, hata ukuta wa katikati unabaki mwembamba kama ubao. Mvua ikinyesha siku mbili tatu, maji huingia katika nyufa, udongo hulegea na kuwa mzito. Ndipo ukingo hukatika. Waliomo chini hawasikii ila ngurumo moja.

Wala msidhani kwamba haya ni mambo ya nadra. Huko Mererani, nchi ya tanzanaiti, mafuriko ya mwaka 1998 yaliwaua makumi ya wachimbaji. Mwaka 2002 karibu watu 40 walikufa chini kwa kukosa hewa safi. Mwezi wa Machi mwaka 2008 mvua kubwa iliingia tena katika mashimo usiku, ikawaua watu zaidi ya 60. Maji yakapampuliwa siku nyingi kabla ya kuwafikia waliokufa. Huko Kamituga, katika Kivu ya Kusini nchi ya Kongo, mvua iliyafunika mashimo ya dhahabu tarehe 11 Septemba 2020, na watu wapatao 50 wakapotea. Na tarehe 13 Januari 2024, huko Ng'alita katika wilaya ya Bariadi, mkoa wa Simiyu, ardhi iliporomoka alfajiri ikaua watu 22. Ilitangazwa kwamba walikuwa watu wa umri wa miaka 24 hata 38, tena kwamba uchimbaji ulikuwa umezuiliwa mahali pale kwa sababu ya mvua nyingi.

Miaka 24 hata 38, ndugu zangu! Huo ndio umri wa baba wa watoto wadogo. Kila mmoja wa wale 22 ana nyumba mahali fulani. Na nyumba nyingi za namna hiyo haziko karibu na shimo. Ziko mbali, katika vijiji kama hivi vya Katavi, mahali ambapo hapana kifusi wala magari ya uokoaji, wala mtu wa gazeti.

MAMA MMOJA WA SHANWE

Nilikuwa Shanwe wakati wa kiangazi, mgeni wa mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Nilikuwa na kamera yangu, maana nilitaka kupiga picha za reli na za bwawa. Jioni moja mwalimu akaniambia, "Yuko mama mmoja jirani, amesikia kwamba una kamera, anakuita." Tukaenda.

Tukamkuta ameketi upenuni anachambua maharage. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Karibuni, ketini." Akamtuma mjukuu wake, msichana wa miaka kumi hivi, alete viti. Tukanyamaza kidogo, kama ilivyo desturi. Kisha akaanza kusema bila haraka.

Mwanawe kitinda mimba alikwenda kuchimba katika mkoa mwingine. Wakati wa mvua shimo likaanguka, naye akafa pamoja na wenzake. Habari ya kufa kwake haikuletwa na wazee wala na ndugu, kama inavyopasa. Mtu mmoja aliyekuwako pale juu alipiga picha wakati maiti zilipotolewa, akaituma kwa rafiki, na rafiki kwa rafiki, hata kabla ya jua kuchwa picha ile ikawa imefika Mpanda. Yule mjukuu alikuwa ametumwa dukani kununua chumvi. Akawakuta vijana wameinamia simu. Naye akachungulia, kama watoto wafanyavyo, akaliona shati la baba yake mdogo.

"Alirudi bila chumvi," mama akasema. "Nikamkemea. Ndipo akaniambia."

Mwalimu akainamisha kichwa. Nami sikuwa na neno. Mama akaniuliza, "Wewe ni mjuzi wa picha. Je, waweza kuitoa picha ile katika simu za watu?" Nikamjibu kwamba siwezi, wala hapana mtu awezaye, kwa maana picha ikiisha kutumwa ni kama unga uliomwagwa katika upepo. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekwisha kulijua jibu.

Kisha akaingia ndani, akatoka na kitambulisho cha kupigia kura, kimefungwa katika kitambaa safi. Picha yake ilikuwa ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Akasema, "Sina nyingine. Watu wote wanayo ile ya kifusi. Mimi mamaye nina hii tu. Basi nifanyie hii iwe kubwa, ili huyu mtoto akiulizwa baba yake mdogo alikuwaje, asiikumbuke ile."

Tukakiweka kitambulisho kivulini juu ya meza, mahali pasipo mng'ao, nikaipiga ile picha ndogo mara nyingi kwa uangalifu. Kisha nikamwuliza kama apenda nimpige na yeye mwenyewe. Akafikiri. Akasema, "Mimi usinipige nikiwa hivi. Piga nyumba." Nikatazama juu, ndipo nikafahamu. Nusu moja ya paa ilikuwa bati jipya, na nusu ya pili ilikuwa nyasi kuukuu. Kijana alikuwa amekwisha kuleta bati za nusu ya kwanza; alikwenda shimoni kutafuta za nusu ya pili.

Nikaipiga ile nyumba. Haimo maiti katika picha ile, wala damu, wala mtu aliaye. Lakini nimeona picha nyingi za machimbo, na sikuona nyingine iliyonieleza msiba wa shimo kama ile. Keshoye tulikwenda mjini kwa mwenye duka la picha, naye akaitengeneza ile ya kitambulisho ikawa kubwa ya kutosha kutiwa kioo. Mwalimu akaipeleka mwenyewe.

KIJIJI CHA ABERFAN

Neno la mama yule lilinikumbusha habari ya kijiji kimoja cha Ulaya, nami nitaieleza, ili msidhani kwamba aibu hii ni ya simu za mkononi tu, au ya nchi zetu tu.

Katika nchi ya Wales, nchini Uingereza, kiko kijiji cha wachimba makaa ya mawe kiitwacho Aberfan. Kifusi cha mgodi kilikuwa kikirundikwa juu ya mlima ulio nyuma ya kijiji, mwaka baada ya mwaka, na rundo la saba liliwekwa juu ya chemchemi za maji. Watu walikuwa wamekwisha kuonya. Na mwaka 1963 iliandikwa barua juu ya hatari ya kifusi kilicho nyuma ya shule. Lakini rundo halikuondolewa. Ijumaa, tarehe 21 Oktoba 1966, asubuhi, watoto walipokuwa wameketi madarasani, rundo lile lililegea likateremka kama mto mzito, likaifunika shule ya Pantglas na nyumba zilizokuwa karibu. Walikufa watu 144, na katika hao 116 walikuwa watoto. Baba zao walipanda kutoka mgodini na koleo zao, wakachimba kwa mikono kuwatafuta watoto wao wenyewe.

Waandishi na wapiga picha wakaja kwa wingi. Wako waliofanya kazi yao kwa heshima, na wengine waliweka kamera chini wakashika koleo. Lakini mmoja wa waliokuwa wakichimba alisimulia baadaye kwamba alimsikia mpiga picha akimwambia mtoto alie kwa ajili ya rafiki zake waliokufa, ili apate picha nzuri. Neno hilo halikusahauliwa. Limekumbukwa zaidi ya nusu ya karne, nalo laonyesha jinsi mtu awezavyo kuwa karibu sana na msiba kwa macho, na mbali sana kwa moyo.

Yuko pia mpiga picha mwingine, Mmarekani jina lake I. C. Rapoport, aliyefika kwa kazi ya gazeti la Life. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mchanga. Wengi walipokuwa wamekwisha kuondoka, yeye alikaa majuma mengi katika kijiji kile. Hakutafuta maiti, maana waliokufa walikuwa wamekwisha kuzikwa. Alipiga picha za waliobaki: jinsi watu wanavyoketi, wanavyotembea, wanavyoendelea na kazi za kila siku katika kijiji ambacho watoto wake ni wachache. Baadaye picha zile zilitiwa katika kitabu juu ya siku zilizofuata msiba. Watazameni wapiga picha hawa wawili: kijiji ni kimoja, msiba ni mmoja, chombo ni kimoja. Wa kwanza alimwamuru mtoto alie. Wa pili alikaa mpaka watu wakamzoea.

Tena liko jambo jingine la kujifunza huko. Baraza la uchunguzi lilikaa, nalo mwaka 1967 likatoa hukumu kwamba kosa lilikuwa la bodi ya makaa ya mawe ya taifa, iliyokuwa mwenye mgodi. Ushahidi wa mahali lilipowekwa rundo, wa chemchemi, wa barua na wa maonyo, ndio uliowashinda wenye mamlaka. Machozi peke yake hayakutosha. Hata hivyo mwaka 1968 pauni 150,000 zilichukuliwa katika mfuko wa sadaka uliochangwa na watu kwa ajili ya wafiwa, ili kulipia kazi ya kuondoa marundo yaliyobaki. Na fedha hizo hazikurudishwa mpaka mwaka 1997.

PICHA YAFAA NINI?

Labda msomaji mmoja atasema, "Basi na zikatazwe picha zote za misiba." Mimi sisemi hivyo. Kama hapana picha, msiba wa watu maskini husahauliwa upesi, na mwenye kosa huweza kusema kwamba ukuta ulikuwa imara na matimba yalikuwako. Picha ni shahidi. Shauri ni hili: shahidi wa nini, na kwa faida ya nani?

Nimeyapanga mawazo yangu hivi, ili wazazi na walimu wapate kuyazungumza nyumbani na shuleni.

Kwanza, uso wa aliyekufa ni wa ndugu zake. Mtu asiupige wala asiutume. Desturi zetu zote, za bara na za pwani, hufunika maiti. Ni ajabu tukimfunika mtu kwa shuka kwa mkono mmoja, na kumfunua kwa simu kwa mkono wa pili. Na aliyepokea picha ya namna hiyo asiipeleke mbele, bali aifute. Katika habari ya mama wa Shanwe, aliyeipiga alikuwa mmoja, lakini walioifikisha dukani walikuwa wengi.

Pili, habari ya kufa ina miguu yake. Hupelekwa na mtu mzima, kwa wazee kwanza, kwa sauti ya chini, na pawe na mtu wa kumshika mwenye kufiwa. Tena hupelekwa ikiwa imehakikishwa. Mwaka 2015 huko Nyangalata, wilaya ya Kahama, wachimbaji sita walifukiwa tangu tarehe 5 Oktoba, na wengi walikuwa wamekata tamaa juu yao; lakini baada ya siku 41, tarehe 15 Novemba, watano walitolewa wakiwa hai, wakiwa wamekula mende, vyura na mizizi na kunywa maji ya tope. Basi mtu aliyekwisha kuandika chini ya picha zao "wamekufa" angalikuwa mwongo mbele ya watu watano hai.

Tatu, mahali papigwe picha kwa faida. Mwenye kamera akifika machimboni, na apige ukingo uliokatika, kifusi kilichorundikwa mdomoni, umbali wa shimo na shimo, kamba, matimba kama yako au kama hayako, na njia ya maji ya mvua. Na aandike tarehe na jina la mahali. Picha hizo na zipelekwe kwa serikali ya kijiji na kwa Afisa Madini Mkazi. Mtu hadhalilishwi kwa picha ya ufa.

Nne, na hili ndilo kubwa: picha ya ufa yafaa kupigwa kabla ya msiba. Wachimbaji wana simu. Na wengi wao, wakipanda kutoka shimoni, hujipiga picha wenyewe kwa furaha. Hakuna neno. Lakini na waupige pia ukuta unaotoa maji, na gogo lililopinda, wakamwonyeshe msimamizi, na kama hasikii wamwonyeshe mkubwa wake. Picha moja ya ufa iliyopigwa leo yashinda picha mia za kifusi zitakazopigwa kesho. Barua ya Aberfan iliandikwa miaka mitatu kabla, na haikusikiwa. Lakini kama isingaliandikwa, hata hukumu ingalikuwa ngumu kupatikana.

Tano, wafiwa waulizwe. Si kuulizwa tu, "Nipige?" maana mtu mwenye majonzi hukubali neno lolote ili aachwe. Na aulizwe, "Wapenda nipige nini?" Mama yule hakuwa na elimu ya kamera, wala hakufikiri zaidi ya dakika moja, naye alijua kuliko mimi ni kitu gani kinachoeleza habari ya mwanawe. Tena picha ikipigwa, nakala ya kwanza iwe yao.

NENO KWA WALIMU NA WAZAZI

Walimu wa nchi ya machimbo, mna kazi ambayo wenzenu wa mahali pengine hawana. Watoto wenu huyaona maduara yaliyoachwa wakiwa njiani kwenda kuchota maji au kuchunga mbuzi. Wafundisheni kwamba shimo lililoachwa si mahali pa kuchezea, hata wakati wa kiangazi. Kwamba hewa iliyo chini yaweza kuwa mbaya hata mshumaa ukazimika. Kwamba zebaki haishikwi kwa mikono mitupu. Katika somo la hesabu wapimishe kina na upana wa mfereji wa shule, wapate kufahamu jinsi udongo ulivyo mzito. Na wafundisheni pia adabu ya simu, kwa maana mwenye umri wa miaka kumi ameona mambo ambayo babu yake wa miaka sabini hakuyaona.

Nanyi wazazi, kama mna kijana aliye machimboni, mpigeni picha akiwa nyumbani, siku ya kawaida, akiwa ameshika mtoto au akila mahindi mlangoni. Msingoje arusi. Iandikeni jina na mwaka nyuma yake, mkaiweke mahali pasipo unyevu na mchwa. Mungu akimrudisha salama, ataicheka atakapokuwa mzee mwenye mvi. Na kama ikiwa vingine, nyumba itakuwa na uso wake wa kweli, wala haitalazimika kuutafuta katika kitambulisho, wala kuukumbuka kwa picha iliyopigwa na mgeni.

Atakayesafiri kwenda Katavi na afike Shanwe. Na aangalie mapaa ya nyumba. Akiona bati nusu na nyasi nusu, asiharakishe kuinua kamera. Na abishe hodi kwanza.